Pete ya ndoa: hiyo 750 ndani ni ya nini?

Mmechagua pete, bei mmeelewana, simu iko mkononi. Kabla hujaweka PIN, geuza pete uangalie upande wa ndani. Utaona namba ndogo: 375, 585, 750 au 916. Hicho ni kiasi cha dhahabu tupu katika kila sehemu 1,000. Kwa hivyo 750 ni asilimia 75, yaani karati 18, na 375 ni karati 9. Kinachobaki ni shaba, fedha na madini mengine.

Sasa piga hesabu. Pete ya gramu 4 ya karati 18 ina gramu 3 za dhahabu. Ya karati 9, uzito ule ule, ina gramu moja na nusu tu. Ukiuziwa hii ya pili kwa bei ya ile ya kwanza, nusu ya dhahabu uliyolipia haipo.

Lakini usikimbilie karati 24. Ni laini, inapinda na kukwaruzika haraka, na pete ya ndoa huvaliwa hadi kwenye kufua. Ukiona GP, hiyo imepakwa dhahabu juu tu. Sumaku nayo isikudanganye. Hata shaba haivutwi.

Mwambie sonara apime pete mbele yako, aandike gramu na karati kwenye risiti. Lipa kwa till ya duka, na jina likitokea tofauti, uliza kwanza. Kama ni ya kutengenezwa, tuma nusu. Salio lingoje hadi usome mhuri mwenyewe.