Mfupa Nao Hukandikwa Upya



Katika kikundi kimoja ninachokitembelea, nyanya mmoja aliteleza mlangoni mwa jikoni. Alianguka kidogo tu, lakini nyonga ikavunjika. Majirani wakaanza kunong'ona habari za kurogwa. Hebu tuwaache wachawi, tuutazame mfupa wenyewe.

Wengi hudhani mfupa ni kama jiwe, ukishakomaa basi. Kumbe uko hai! Mama anayekandika nyumba anajua: kwanza unabandua udongo uliopasuka, ndipo upake mpya. Ndani ya mfupa kuna chembe hai za kubomoa, ziitwazo osteoklasti, ambazo hula sehemu iliyochakaa kwa wiki chache. Halafu chembe za kujenga, osteoblasti, hujaza lile shimo polepole kwa miezi mitatu au zaidi. Kwa mtu mzima, karibu sehemu moja ya kumi ya mifupa hufanywa upya kila mwaka.

Msimamizi ni nani? Ni wajenzi waliobaki wamezikwa ndani ya mfupa walioujenga, waitwao osteositi. Wao huhisi uzito unapobeba maji au kupanda kilima, na huagiza mfupa uimarishwe. Ndiyo maana mguu uliokaa sana kwenye plasta hutoka umedhoofika.

Mfupa pia ni ghala. Karibu asilimia 99 ya kalsiamu ya mwili imo humo. Ikipungua katika damu, tezi ndogo za shingoni hutoa amri ghala lifunguliwe, kwa sababu moyo na misuli haiwezi kungoja. Usipokula vizuri, inakuwa kama chama kinachokopesha bila kurudishiwa.

Hedhi ikikoma, homoni iliyokuwa ikiwazuia wabomoaji hupungua, nao huwashinda wajenzi. Hapo ndipo alipofika nyanya yetu. Wanaume pia hupatwa, ila kwa kawaida wakiwa wamezeeka zaidi.

Basi omena iliwe nzima na mifupa yake, pamoja na maziwa na terere. Mtoto atolewe nje apate jua, kwa maana ngozi hutengeneza vitamini D inayosaidia tumbo kufyonza kalsiamu. Akiikosa anaweza kupata matege. Na nyanya akitaka kwenda shambani, tafadhali msimkalishe kitini kutwa eti mnamheshimu! Aliyevunjika kwa kuanguka kidogo apelekwe hospitali apimwe mifupa.

Mjadiliane kikundini: Ni nyumba gani kwetu ina mzee, na mlango wake huteleza mvua ikinyesha? Nani atapeleka kokoto?