Mfuko Mmoja wa Saruji

Nina duka la vifaa vya ujenzi Morogoro. Siku moja kijana wa kupakia alichelewa, fundi ana haraka, nikainama mwenyewe na kunyanyua mfuko wa kilo 50 huku nimejipinda kiuno. Kitu kikalia "ka!" Siku ya tatu maumivu yalishuka kwenye tako, nyuma ya paja, hadi kidole kidogo cha mguu wa kushoto, kama shoti ya umeme.

1. Mguu ulisema kabla ya picha. Daktari alinilaza chali akanyanyua mguu ulionyooka. Haujafika mbali, nikapiga kelele. Akaniambia nisimame kwa ncha za vidole, wa kushoto ukalegea. Hapo akataja diski ya mwisho kabisa, ile iliyokalia mfupa wa nyuma ya nyonga. Diski, alisema, ni kama sambusa: ganda nje, kitu laini ndani. Pembe ikipasuka, nyama inachungulia, na hapo inapochungulia ndipo neva inapopita.

2. Kulala kulinimaliza. Nilitandika mkeka sakafuni siku kumi, maana ndivyo tulivyoambiwa tangu utotoni. Niliamka dhaifu kuliko nilivyolala. Siku moja au mbili zinatosha. Baada ya hapo ni kutembea, hata kama ni kuuzunguka uwanja wa nyumba kwa dakika tano.

3. Karatasi ya MRI inatisha kuliko ugonjwa. Yangu ilitaja diski tatu zilizovimba, nami nikaanza kufikiria kuuza duka. Kumbe moja tu ndiyo iliyolingana na mguu wangu. Uchambuzi wa tafiti za watu wasioumwa mgongo, uliochapishwa 2015, ulionyesha kuwa diski za namna hiyo zipo kwa takriban asilimia 30 ya watu wa miaka 20 na asilimia 84 ya wenye miaka 80. Ningeambiwa hilo kabla ya kupewa bahasha, ningelala.

4. Shangazi alileta mchuaji. Alinikandamiza kwa kiwiko, kesho yake sikuweza kukaa. Sina ugomvi na wachuaji, misuli iliyokaza hulegea mikononi mwao. Lakini diski hairudishwi kwa kiwiko.

5. Vidonge vya maumivu vina gharama yake. Nilijinunulia diklofenaki wiki nyingi mfululizo mpaka tumbo likawaka moto. Mwenye vidonda vya tumbo, presha au figo dhaifu asijipangie mwenyewe.

6. Maumivu yakihama, usikimbilie kuogopa. Binti wa fiziotherapia alinilaza kifudifudi, akaniambia, "Baba, sukuma kifua juu kwa mikono, kiuno kiache hapo hapo." Mara kumi, kila baada ya saa chache. Baada ya wiki moja kidole kilipoa, kiuno kikauma zaidi. Nilimfuata nikilalamika, yeye akacheka kwa furaha: maumivu yanayopanda kutoka mguuni kurudi kiunoni ni dalili njema. Njia hiyo iliasisiwa na Robin McKenzie wa New Zealand. Kwangu hii ndiyo tiba iliyofanya kazi, na ndiyo ya bei ndogo kuliko zote.

7. Kisu kina zamu yake. Niliambiwa nisubiri wiki 6 hadi 12, maana wengi hupata nafuu katika muda huo, na kile kipande kilichochomoza mara nyingi hunywea chenyewe. Kama mguu ungezidi kuwaka, kulikuwa na sindano ya steroidi karibu na neva, kisha upasuaji wa kutoa kipande. Upasuaji huleta nafuu upesi. Weber wa Norway aliwafuatilia wagonjwa miaka 10, na mwishoni waliopasuliwa na wasiopasuliwa walikuwa karibu sawa. Kwa hiyo nilikuwa nikipima muda na mateso. Asiye na kipato bila kusimama dukani anaweza kuchagua kisu, wala sitamlaumu. Jambo moja tu halisubiri: mkojo ukigoma, haja ikikutoka bila kujua, ganzi ikishika sehemu za siri au miguu ikizidi kulegea, hospitali ni siku hiyo hiyo, hata usiku.

Wiki ya 11 nilirudi dukani. Kidole kidogo bado kina ganzi kidogo, hasa kwenye viatu vya kufunika. Kijana wa kupakia bado anachelewa. Fundi anasubiri.