Somo la wiki: Hati miliki na daftari lililo nyuma yake

Wanunuzi wengi wa viwanja huamini kwamba mwenye hati miliki mkononi hana la kuhofia. Imani hiyo haikuzuka bure. Mwaka 1858, huko Australia Kusini, Robert Torrens alianzisha utaratibu wa kuandikisha ardhi katika daftari la serikali, ambao baadaye ulienea katika makoloni mengi ya Uingereza, Kenya ikiwemo. Misingi yake ni mitatu. Daftari ni kioo: mwenye mali, rehani na zuio vyote vionekane humo. Mnunuzi asilazimike kuchimbua kilichotokea kabla ya mwenye mali wa sasa. Na daftari likikosewa, serikali imlipe fidia aliyeumia.

Nchini Kenya, msingi wa pili ndio ulioingia ufa. Kifungu cha 26 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 chakubali cheti cha umiliki kuwa ushahidi kwamba aliyeandikwa ndiye mwenye mali. Lakini cheti hicho chaweza kupingwa kwa ulaghai ambao mwenyewe alishiriki, au ikiwa kilipatikana kinyume cha sheria, bila kufuata utaratibu au kwa njia ya ufisadi. Katika sababu hizo za mwisho, sheria haidai kwamba mwenye cheti awe ameshiriki kosa. Hapo ndipo mtaji wa mtu mwaminifu unapoweza kuzama.

Mfano ni kesi ya kampuni ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa. Kiwanja hicho cha ufuoni kiligawiwa mwaka 1989 kwa Daniel arap Moi, Rais wa wakati huo, kikauzwa kwa kampuni moja, kisha kwa Dina. Mwaka 2017 kaunti ilibomoa ukuta ili kufungua njia ya kwenda baharini. Kampuni ilikwenda mahakamani na hati yake. Aprili 2023 Mahakama ya Juu zaidi nchini iliamua kwamba ugawaji wa kwanza haukufuata sheria, na hivyo hati zilizotokana nao hazingeweza kulindwa. Katiba ya 2010, ibara ya 40(6), hailindi mali iliyobainika kupatikana isivyo halali.

Kwa hiyo upekuzi rasmi wa daftari, ambao madalali hupenda kuuonyesha kana kwamba ndio mwisho wa safari, ni hatua ya kwanza tu. Huonyesha mwenye mali wa leo na rehani iliyopo. Mnunuzi atake pia barua ya ugawaji, ramani ya upimaji na orodha ya wamiliki waliotangulia, hasa ikiwa kiwanja kiko ufuoni, kando ya barabara kuu au karibu na shule ya umma. Mtambo wa Ardhisasa, uliozinduliwa 2021, umerahisisha upekuzi, lakini kompyuta husoma kilichoingizwa, kiwe cha kweli au cha kughushi.

Lazima pia afike shambani. Kifungu cha 28 chataja haki zinazombana mnunuzi hata kama hazimo daftarini: njia ya kupita, amana za kimila, na madai ya aliyekalia ardhi waziwazi bila ruhusa ya mwenyewe kwa miaka 12. Ikiwa ni ardhi ya kilimo, kibali cha Bodi ya Udhibiti wa Ardhi kiombwe ndani ya miezi sita ya mkataba. Bila kibali mkataba ni batili.

Fidia ya serikali isitegemewe sana. Aliyechangia hasara kwa uzembe wake hapati kitu, na kununua bila kuchunguza ni rahisi kuitwa uzembe. Gharama ya wakili na mpima ilipwe kabla ya arbuni. Baada ya mkataba kutiwa saini na arbuni kutolewa, mnunuzi aombe Msajili aandike zuio, ili muuzaji asihamishe kiwanja kwa mwingine bila yeye kupewa taarifa.