Betri kwa Taa, Kuni kwa Chungu

Wakulima wa Sigowet, wengi wetu sasa tuna paneli za jua juu ya mabati. Lakini betri isiyohesabiwa hufa mapema, na kununua nyingine ni gharama kubwa. Yafaa basi tuijue hesabu yake, kama tunavyohesabu magunia ya mahindi ghalani.

Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 huweka wati-saa 1,200, yaani 12 mara 100. Usitumie zaidi ya nusu, yaani 600, maana betri inayomalizwa mara kwa mara huharibika upesi. Taa nne za wati 5 zikiwaka saa 4 hula 80. Redio ya wati 5 kwa saa 4 hula 20. Simu mbili hula kama 20. Jumla ni 120 kwa siku. Basi hata mawingu yakifunika jua siku nne, watoto watasoma usiku.

Sasa washa jiko la umeme la wati 1,000. Litamaliza zile 600 kwa dakika 36, na maharagwe hayajaiva! Hata mwenye mashua iliyotia nanga, aliye mbali na duka, hupika kwa gesi au makaa, akaiwekea taa betri yake.

Shika mambo haya:

1. Paneli ielekee jua la asubuhi, kwa kuwa mvua yetu ya Kericho huja zaidi alasiri. Isipatwe na kivuli cha mti.

2. Betri ikae mbali na moto, mahali penye hewa. Ikichajiwa hutoa hewa iwezayo kulipuka. Ile yenye vifuniko iongezewe maji ya betri, si ya mto.

3. Kuni za mkaratusi zipasuliwe, zikaushwe chini ya paa. Kuni mbichi hutoa moshi unaoumiza macho na vifua vya mama na watoto.

4. Maharagwe yalowekwe usiku kucha, na sufuria ifunikwe.

5. Matawi ya chai yaliyopogolewa yaachwe shambani. Ni mbolea, si kuni.

Zoezi: Ukiongeza televisheni ya wati 30 kwa saa 3 kila siku, zile 600 zitatosha siku ngapi? Jibu: hazitimii siku 3. Wafanyie watoto hesabu hii kabla ya kuinunua.