TREKTA LIKIPINDUKA, USIWASHE KWANZA

Somo letu la leo ni juu ya trekta dogo la dizeli lililopinduka. Tunataka kila mmoja ashike neno moja: trekta likishanyanyuliwa, lisiwashwe mpaka likaguliwe. Kulisema ni rahisi, kulishika ni kazi. Mvua za Novemba na Desemba zikianza, kila mtu anataka kupanda pamba yake. Trekta likilala ubavu, watu watakusanyika, watalisimamisha, halafu utasikia mmoja anasema: "Washa tu bwana, mvua inatuacha!" Neno hilo limeua injini nyingi zilizokuwa bado nzima.

Hapa kwetu kandokando ya Ziwa Victoria trekta si kitu kigeni. Katika miaka ya 1960 vyama vya ushirika vya pamba vilileta matrekta kulima mashamba ya pamoja Usukumani. Mwaka 2009 serikali ilitangaza Kilimo Kwanza, na pawatila na matrekta madogo yakaongezeka vijijini. Trekta la kikundi ni mali ya watu wengi. Likiharibika, hasara inaingia katika kila nyumba.

KWA NINI LINAPINDUKA?

Trekta linapinduka kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni ubavuni. Gurudumu moja linapanda jiwe, kichuguu au tuta la jaruba, na la upande wa pili linaingia shimoni. Nchi yetu ina vilima vya mawe, na chini yake mna majaruba ya mpunga. Kwa hiyo hatari hii tunayo kila siku. Kukata kona kwa mwendo wa kasi nako kunalilaza.

Njia ya pili ni kinyumenyume. Magurudumu ya nyuma yamezama katika udongo mweusi wa mbuga, hayazunguki. Dereva anakanyaga mafuta kwa nguvu. Nguvu ya injini ikikosa kuyazungusha magurudumu, inainua pua ya trekta juu. Kufumba na kufumbua, limemlalia dereva. Vivyo hivyo ukifunga mnyororo wa kuvutia mahali pa juu. Mzigo ufungwe kwenye ndoano ya chini tu.

WATU KWANZA, CHUMA BAADAYE

Likipinduka, mtazame dereva kwanza. Zima injini. Injini ya dizeli iliyolala ubavu inaweza kunywa oili yake yenyewe na kuendelea kunguruma hata baada ya kufungiwa dizeli. Ikikataa kuzima, ziba mdomo wa kuingizia hewa kwa ubao. Usizibe kwa kiganja, kwa sababu inavuta kwa nguvu sana. Ikiwa inazunguka kwa kasi ya ajabu na huwezi kuufikia mdomo huo kwa usalama, kaeni mbali nayo.

Mtu akibanwa, msiliinue trekta kwa mikono mitupu. Wekeni magogo imara kwanza ili lisirudi. Anayetoka damu mgandamize jeraha kwa kitambaa safi. Aliyeumia shingo au mgongo msimburute, ila kama moto umewaka. Pelekeni habari mara moja zahanati au kituo cha afya. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji linapatikana kwa simu namba 114.

Hapo palipomwagika dizeli pasiwe na sigara wala kibatari. Mwageni udongo mkavu juu yake. Fungua waya wa betri, ukianza na ule wa hasi, wenye alama ya kutoa (–). Maji ya betri ni tindikali, yanaunguza ngozi na macho. Yakikurukia, nawa kwa maji mengi.

KULISIMAMISHA

Tumieni trekta jingine au gari lenye nguvu, na mnyororo mzima. Mnyororo ufungwe kwenye chuma kizito, kama vile ekseli. Usifungwe kwenye usukani wala madigadi. Mnyororo wa pili ufungwe kwa upande mwingine, ulishikilie lisije likapitiliza na kulalia upande wa pili. Watu wote wasimame mbali kuliko urefu wa mnyororo, maana ukikatika unachapa kama mjeledi. Likisimama, wekeni mawe mbele na nyuma ya magurudumu.

Sasa ndipo shida inapoanza. Trekta limesimama, linapendeza, na ufunguo upo. Acheni!

KWA NINI LISIWASHWE?

Chukua pampu ya baiskeli. Ziba tundu lake kwa kidole, kisha sukuma mpini. Unaona kwamba hewa inajibana na mpini unashuka. Sasa ijaze pampu hiyo maji, uzibe, usukume tena. Mpini haushuki, kwa sababu maji hayabaniki.

Silinda ya injini ni kama pampu ile. Pistoni inapanda, inaibana hewa mpaka ibaki sehemu moja tu kati ya 16 hadi 20 hivi. Hewa inapata moto mkali, na dizeli inayorushwa na nozeli inawaka. Lakini trekta likilala, oili iliyokuwa chini inatiririka. Inapita kando ya pistoni, au kwenye njia ya hewa, inaingia ndani ya silinda. Ukizungusha stata, pistoni inapanda na kukutana na oili isiyobanika. Basi lazima kitu kimoja kishindwe. Mara nyingi kinachoshindwa ni konrodi, yaani mkono wa chuma unaoshika pistoni. Inapinda. Pengine injini itawaka hata hivyo, mkashangilia, kumbe baada ya siku chache konrodi inakatika na kutoboa injini ubavuni.

Mwaona, ndugu. Kuanguka hakukuiua injini. Iliuawa na ufunguo.

UKAGUZI HATUA KWA HATUA

Liacheni trekta limesimama mahali pa tambarare kwa saa kadhaa. Usiku mzima ni bora zaidi. Oili nyingi itarudi chini. Lakini iliyo juu ya pistoni yaweza kubaki, kwa hiyo kungoja peke yake hakutoshi.

1. Oili ya injini. Chomoa kijiti cha kupimia, kifute, kirudishe, kisha kitoe usome. Imepungua kiasi gani? Angalia na rangi. Oili inayofanana na chai ya maziwa imeingiliwa na maji. Kama trekta lilianguka ndani ya jaruba, jambo hili mlitazamie. Oili hiyo imwagwe na kubadilishwa.

2. Njia ya hewa. Fungua chujio la hewa. Kama ni la bakuli lenye oili, oili yake huenda imemwagika kuelekea kwenye injini. Osha bakuli, futa bomba lote mpaka likauke, kisha weka oili mpya mpaka kwenye alama. Chujio la karatasi lililolowa oili litupwe, liwekwe jipya.

3. Silinda. Hii ni kazi ya fundi. Atatoa nozeli zote, au plagi za kupashia joto, ili oili ipate pa kutokea. Ataizungusha injini kwa mkono, kwa spana kwenye nati ya mbele, mizunguko miwili kamili. Kwa nini miwili? Kwa sababu kila pistoni inamaliza kazi zake nne katika mizunguko miwili. Ikigoma, asiilazimishe. Ikizunguka vizuri, atahakikisha dizeli imefungwa, ataunga betri, halafu atagusa stata kidogo. Oili itaruka juu kama mshale, kwa hiyo asiinamie mtu pale juu. Nozeli zirudishwe na washa mpya.

4. Maji, betri na dizeli. Jaza rejeta, uone kama inavuja. Zungusha feni kwa mkono, isiguse rejeta. Betri iliyopasuka isitumike. Iliyomwaga tindikali ipelekwe kwa fundi wa betri. Kujaza maji matupu hakurudishi tindikali iliyopotea. Kagua tangi la dizeli na mabomba yake, kisha toa hewa iliyoingia katika njia ya dizeli.

5. Giaboksi na haidroliki. Pima mafuta yake. Kagua mipira na mabomba, kama yamebanwa au kuchanika.

6. Nyufa. Injini, klachi na giaboksi za trekta ndizo mgongo wake. Zimeungwa kwa bolti. Angalia bolti zilizolegea. Halafu fanya hivi: injini ikiwa baridi, paka mafuta ya taa mahali unapopashuku, ngoja kidogo, futa pakauke kabisa, kisha pakaza unga wa chaki. Kama pana ufa, mafuta yaliyojificha yatapanda na kuchora mstari kwenye chaki. Chaki ile ile iliyotufundisha a, e, i, o, u inaweza kuandika ugonjwa wa chuma.

7. Magurudumu na usukani. Nyoosha magurudumu ya mbele. Chukua kamba, pima kutoka katikati ya gurudumu la mbele mpaka katikati ya gurudumu la nyuma, upande wa kushoto. Pima na upande wa kulia. Vipimo vipishane sana? Basi ekseli imesogea au imepinda. Inua kila gurudumu kwa jeki, lizungushe, uone kama linayumba. Kagua vyuma vya usukani kimoja kimoja. Chuma cha usukani kilichopinda kisinyooshwe kwa nyundo, kibadilishwe.

8. Fremu ya kinga. Huu ni upinde wa chuma ulio nyuma ya kiti. Kazi yake ni kuzuia trekta lisimponde dereva, naye dereva awe amefunga mkanda. Sweden ilianza kuidai kwa sheria kwenye matrekta mapya tangu mwaka 1959, na vifo vya kupondwa vilipungua sana huko. Fremu iliyopinda imekwisha kazi yake. Msiinyooshe, wala msiichomelee. Chuma kilichopindwa kikanyooshwa si kile cha kwanza, na ajali ya pili hakitaihimili. Mkanda uliovutwa katika ajali nao ubadilishwe.

KUWASHA MARA YA KWANZA

Mambo hayo manane yakiwa sawa, washeni. Mtu mmoja asimame na ubao karibu na mdomo wa hewa, tayari kuziba. Msikanyage mafuta, iacheni injini ingurume polepole. Taa ya oili ikibaki inawaka kwa sekunde chache, zima. Moshi wa buluu au mweupe utatoka mwingi, ni oili iliyobaki inaungua. Baada ya dakika kadhaa upungue. Usipopungua, au mkisikia mgongano ndani, zima umwite fundi.

Ikitulia, tembezeni polepole mahali pa tambarare. Jaribuni breki zote mbili na usukani. Kazeni nati za magurudumu tena baada ya siku ya kwanza ya kazi.

KALAMU NAYO NI SPANA

Mara nyingi fundi anatoka mbali, Magu, Misungwi au Mwanza mjini, naye anafika kesho yake. Akiuliza, kila mtu anamwambia lake. Huyu anasema lililala saa moja, yule anasema dakika kumi. Hapa ndipo msomaji wetu anapokuwa na kazi kubwa kuliko wenye misuli. Andika katika daftari la trekta:

– Tarehe na saa lilipopinduka.
– Lililala upande gani, na kwa muda gani.
– Injini ilizimwa, au ilizima yenyewe? Baada ya muda gani?
– Nini kilimwagika: oili, dizeli, maji, tindikali?
– Kijiti cha oili kilionyesha wapi?
– Je, kuna mtu aliyejaribu kuwasha?

Swali la mwisho lijibiwe kwa ukweli. Mkimficha fundi, mnajificha wenyewe. Akijua kwamba stata iligonga ikakwama, atapima konrodi kabla ya kurudisha nozeli. Asipojua, atafunga ugonjwa ndani.

Tena, kabla ajali haijatokea, kikundi kikae na kuandika kanuni hii, kila mwanachama aijue: "Trekta lililopinduka haliwashwi mpaka fundi akague na katibu aandike." Kanuni ikiandikwa wakati wa utulivu, siku ya haraka dereva kijana atakuwa na neno la kumwambia mzee anayemhimiza: "Samahani baba, tulikubaliana." Siku mbili za kungoja zinauma, kweli. Lakini shamba lililochelewa siku mbili bado litapandwa. Injini iliyotoboka haitalima msimu huo.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini hewa inabanika na oili haibaniki? Onyesheni kwa pampu ya baiskeli.
2. Kwa nini fundi azungushe injini mizunguko miwili?
3. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa inaonyesha nini?
4. Katika kikundi chenu, ni nani mwenye haki ya kusema "tusiwashe"? Je, imeandikwa?
5. Tembeeni shamba lenu lote. Orodhesheni mahali ambapo trekta linaweza kupinduka, mpaweke alama.