Uwatu na Kisukari: Usiache Dawa, Usiifiche Kliniki

Katika maduka ya viungo Pwani, uwatu haukosi. Ni mbegu ndogo za manjano, chungu kidogo, ambazo wengine huziita hulba au methi. Hutiwa kwenye mchuzi na achari, na mama aliyejifungua hupikiwa uji wake. Baadhi ya wenye kisukari nao huziloweka usiku, wakazitumia asubuhi ili kushusha sukari.

Unavyofanya kazi
Mbegu zikilowekwa hutoa ute mzito. Ute huo ni nyuzinyuzi zinazopunguza kasi ya sukari ya chakula kuingia kwenye damu. Tafiti kadhaa zimeonyesha kuwa sukari hushuka kwa baadhi ya watumiaji, lakini nyingi zilihusisha watu wachache. Kwa hivyo uwatu unaweza kusaidia, ila hauponyi kisukari.

Hata metformin, dawa inayotumiwa sana kliniki, ilitokana na utafiti wa mmea wa Ulaya uitwao Galega officinalis. Tofauti ni kipimo. Kiasi cha dawa kwenye kidonge kinajulikana. Cha kwenye kijiko cha uwatu hakijulikani.

Hatari mbili
Ya kwanza ni sukari kushuka kupita kiasi, hasa uwatu ukichanganywa na insulini au vidonge vya glibenclamide. Mgonjwa hutetemeka, hutoka jasho, husikia njaa ya ghafla au huchanganyikiwa. Kipimo kikiwa chini ya 4.0, apewe vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, kisha apimwe tena baada ya dakika 15. Aliyepoteza fahamu asitiwe chochote mdomoni; akimbizwe hospitalini.

Ya pili ni kuacha dawa. Sukari hupanda bila maumivu, huku ikiharibu macho, figo na mishipa ya fahamu ya miguu. Anayetegemea insulini akiiacha anaweza kufariki katika muda wa siku chache.

Kabla ya kutumia
• Mweleze daktari au muuguzi kwamba unatumia uwatu, kiasi gani na mara ngapi. Yeye ndiye atakayeamua iwapo dawa zibadilishwe.
• Pima sukari mara kwa mara na uandike matokeo. Ikiwa 7.0 au zaidi kabla ya kula asubuhi, nawe hujawahi kuambiwa una kisukari, nenda kituo cha afya ukathibitishiwe.
• Mjamzito, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, na mwenye mzio wa njugu au dengu wapate ushauri kwanza.
• Jihadhari na unga usio na lebo unaouzwa kwa ahadi ya kuponya kisukari.

Uwatu wa kiungo kwenye mchuzi hauna neno. Ukiugeuza dawa, kliniki ijue. Mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chako atakuelekeza kituo kilicho karibu.