Udongo Mweusi wa Kitulo: Hushika Maji, Hubana Chakula



Jumamosi iliyopita darasa la kati lilikuwa na somo la rangi. Niliwaomba watoto wachore shamba la bibi au babu. Karibu wote walipaka udongo rangi nyekundu. Mtoto mmoja, ambaye babu yake analima viazi Uporoto, Mbeya, alipaka nyeusi. Wenzake wakamcheka: "Huo ni udongo wa gunia wa dukani! Wa Afrika ni mwekundu." Mtoto yule akachukua penseli nyekundu, akaanza kupaka juu ya ile nyeusi. Nikamwambia aache. Alikuwa amepatia.

Mimi nimezaliwa Makete, si mbali na huko, na udongo wa kwetu ni mweusi. Somo la wiki hii linaeleza kwa nini. Mwishoni kuna jambo la wazazi pia, hasa wanaotuma fedha za mbolea nyumbani, maana mimi mwenyewe nilikosea.

Kitulo ni wapi?

Kitulo ni uwanda wa juu kusini mwa Tanzania, mikoa ya Njombe na Mbeya, wenye mwinuko wa mita 2,600 hivi kutoka usawa wa bahari. Si msitu. Ni nyasi, vilima na upepo. Mwezi wa Juni na Julai usiku huwa baridi kali, na asubuhi unaweza kukuta barafu nyeupe juu ya majani. Watoto wanaodhani baridi iko Edmonton tu, waulizeni watu wa Makete.

Mvua zikinyesha, kati ya Novemba na Aprili, uwanda wote hujaa maua. Wenyeji wanauita Bustani ya Mungu. Kuna aina zaidi ya 350 za mimea, na kati yake aina 45 ni okidi zinazoota ardhini. Mwaka 2005 Kitulo ilitangazwa rasmi kuwa Hifadhi ya Taifa, na sababu kubwa ilikuwa maua yake. Hifadhi nyingi tunazozijua, kama Serengeti, watu huenda kutazama wanyama. Hii huenda kutazama maua.

Udongo huu ulitoka wapi?

Ulitoka juu. Jirani na Kitulo kuna milima ya volkeno: Rungwe, Ngozi na Kiejo. Miaka 4,000 hivi iliyopita mlima Rungwe ulilipuka kwa nguvu kubwa sana. Majivu na mawe mepesi yaitwayo pumisi yalirushwa angani, yakaanguka na kufunika nchi. Huo haukuwa mlipuko pekee. Kiejo kilitoa lava yapata mwaka 1800, juzi tu kwa hesabu ya milima.

Majivu ya volkeno si kama majivu ya jikoni. Ni vipande vidogo sana, vingi vikiwa kama kioo kilichosagwa. Mvua ikivipiga miaka mingi, huoza haraka kuliko mawe mengine, na hutoa kitu kiitwacho alofani. Alofani ni kama vijimpira vidogo mno, visivyoonekana kwa macho, vyenye uwazi ndani. Siri kubwa ya udongo huu imo humo.

Wataalamu wa dunia nzima huuita andosoli. Jina limetoka Kijapani: *an* ni giza au weusi, *do* ni udongo. Yaani ni "udongo mweusi" tu, kama alivyochora mwanafunzi wetu. Udongo wa aina hii haufiki asilimia 1 ya nchi kavu yote duniani.

Sifa zake nne

1. Ni mweusi. Nyasi hufa kila mwaka, mizizi huoza na kuwa mboji. Mahali pa joto mboji huisha upesi. Kitulo kuna baridi, kwa hiyo huoza polepole, na alofani huikumbatia isipotee. Inajikusanya mwaka hadi mwaka.

2. Ni mwepesi. Lita moja ya udongo mkavu wa shamba la kawaida huwa na kilo 1.3 hivi. Lita moja ya udongo wa majivu kwa kawaida haizidi gramu 900. Jembe linazama lenyewe. Nilipokuja Uingereza nikajaribu kuchimba bustani ya nyuma ya nyumba, niliumia mgongo. Hapa London, chini ya sehemu kubwa ya jiji, kuna udongo wa mfinyanzi uliotokana na tope la bahari miaka milioni 50 hivi iliyopita. Wakati wa mvua unanata kama ugali mbichi, wakati wa kiangazi unapasuka na hata kuta za nyumba hupata nyufa.

3. Hushika maji. Ukiuminya mkononi unahisi ulaini, kama una mafuta. Ukiendelea kuusugua kati ya vidole, ghafla unalainika na kutoa maji. Mvua ya Kitulo huingia ndani, ikakaa humo, kisha ikatoka kidogo kidogo kwenye chemchemi. Baadhi ya vijito hivyo huelekea Ziwa Nyasa. Vingine hushuka bonde la Usangu kwenye mashamba ya mpunga, vikaingia mto Ruaha Mkuu, ambao una mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu. Taa ikiwaka kwa shangazi yako Tanzania, huenda ni mvua iliyopitia kwenye udongo huu.

4. Hubana chakula cha mimea. Hapa ndipo wengi tunapokosea. Tukiona udongo mweusi tunasema una rutuba. Mimea huhitaji fosforasi ili iote mizizi na kuzaa vizuri. Lakini alumini na chuma vilivyomo kwenye udongo huu huishika fosforasi, mmea usiipate. Chakula kipo, ila kimefungiwa kabatini.

Mimi ni muuguzi, kwa hiyo nitawaeleza kwa mfano wa wodini. Mgonjwa wa figo fosfeti humzidi mwilini. Hupewa vidonge anywe pamoja na chakula, ili vishike fosfeti tumboni isiingie kwenye damu. Zamani vidonge hivyo mara nyingi vilikuwa vya alumini. Kazi ni ile ile: alumini inashika fosfeti. Kwa mgonjwa ni dawa. Kwa kiazi cha mama yangu ni njaa.

Kosa langu

Mama yangu hulima viazi mviringo. Miaka michache iliyopita aliniambia mavuno yamepungua. Nikatuma fedha anunue urea, kwa sababu ndiyo mbolea niliyoijua. Msimu wa kwanza majani yakawa mazuri sana, alinitumia picha. Alipochimba, viazi vilikuwa vidogo kama yai la kuku. Nikatuma tena, msimu wa pili hali ikawa ile ile. Nikaanza hata kumshuku kijana aliyekuwa akimsaidia, kwamba labda anauza mbolea. Sikumtendea haki.

Ndipo bwana shamba alipofika, akaupima udongo. Akasema urea hutoa naitrojeni, na shamba lilikosa fosforasi. Akamfundisha mama aweke mbolea ya kupandia yenye fosforasi ndani ya mfereji, karibu na mbegu, asiimwage shamba zima. Ukiimwaga, udongo wote unaigusa na kuibana. Ukiiweka karibu na mzizi, mzizi unawahi. Akaongeza samadi. Msimu uliofuata mama alipiga simu, akasema, "Mwanangu, sasa ni viazi." Nami nikamwomba msamaha yule kijana.

Wazazi, kabla ya kutuma fedha za mbolea, ulizeni kwanza: udongo umepimwa? Fedha ya zamu ya usiku ni ngumu, isiishie kwenye majani.

Kwa nini tuutunze?

Udongo huu ukifunikwa na nyasi, ni imara. Ukiachwa wazi ukakauka kabisa, hugeuka vumbi jepesi, upepo unauchukua. Hata mvua ikirudi, haushiki tena maji kama zamani. Ulichukua maelfu ya miaka, na unaweza kuharibika katika miaka michache tu ya kilimo kibaya.

Okidi nazo zina tatizo lake. Chini zina viazi vidogo, ambavyo huchimbwa na kupelekwa Zambia kupikwa pamoja na karanga, chakula kiitwacho chikanda. Ni chakula kitamu na wachimbaji wanatafuta ada za shule. Lakini kiazi kikichimbwa, ua hilo halirudi mwakani, na shimo linabaki wazi.

Msamiati

- Uwanda wa juu: eneo kubwa tambarare lililoinuka.
- Mboji: mabaki ya mimea yaliyooza na kuwa sehemu ya udongo.
- Samadi: mbolea ya kinyesi cha wanyama.
- Bwana shamba: mtaalamu anayewashauri wakulima.
- Kubana: kushika kwa nguvu, kutoachia.

Jaribio la nyumbani

Tafuteni jiwe la asili la kusugulia visigino, ndiyo pumisi. Lipimeni kwenye mizani ya jikoni. Liwekeni kwenye bakuli la maji: linaelea au linazama? Liacheni usiku kucha, kisha lipimeni tena. Andikeni sentensi tatu za Kiswahili kueleza mlichoona.

Maswali

1. Kwa nini mboji haiishi haraka Kitulo?
2. Taja faida moja na hasara moja ya udongo wa majivu ya volkeno.
3. Kwa nini mbolea ya kupandia huwekwa karibu na mbegu?
4. Mpigie simu bibi, babu au ndugu yeyote nyumbani. Muulize: udongo wa kwenu una rangi gani, na unaota nini? Andika majibu kwa maneno yake mwenyewe.

Jumamosi ijayo kila mtoto atachora tena shamba, kwa rangi aliyotajiwa kwenye simu. Leteni penseli za rangi zote: nyekundu, kahawia, kijivu, na msisahau nyeusi.

Mwalimu wenu